Maiki Namba Tatu

Kila ninapotuma profoma kwa kampuni inayotaka kufanya mkutano mkubwa, najua mapema mstari utakaokatwa. Hautakuwa wa skrini. Skrini wanaitaka kubwa kuliko ya mwaka jana, na ikiwezekana kubwa kuliko ya washindani wao. Hautakuwa wa taa, maana taa ndizo zinazofanya picha za mtandaoni zipendeze. Utakatwa mstari wa tisa au wa kumi, ule ulioandikwa "spika za katikati na nyuma", na chini yake ule wa "maiki za ukumbini, 4". Pembeni mtu wa manunuzi ataandika kwa kalamu nyekundu: 1 inatosha.

Kazi yangu ni kupanga sauti na picha kwenye mikutano ya makampuni. Nikisema hivyo, watu huelewa kwamba mimi ni yule anayesimama jukwaani akisema "moja mbili, moja mbili". Hawajakosea sana. Ila hiyo "moja mbili" ni dakika kumi za mwisho za kazi iliyoanza wiki tatu nyuma, kwa futikamba, daftari, na kukaa kwenye kiti kibaya kuliko vyote ukumbini ili kujua atakayekikalia atapata nini.

Kabla ya kuchora chochote huwa naenda ukumbini kukiwa kutupu. Kumbi nyingi za Dar es Salaam zinazokodishwa kwa mikutano ndizo hizo hizo za harusi Jumamosi na ibada Jumapili. Ni mstatili mrefu, sakafu ya vigae, ukuta mmoja wa vioo kwa ajili ya mandhari, dari ya jipsamu isiyokwenda juu sana, na mahali fulani kuna nguzo ambayo mchoraji wa jengo alishindwa kuikwepa. Nasimama katikati, napiga kofi moja, halafu nalisikiliza likifa. Likifa haraka, nashukuru. Likitembea ukutani, likarudi, likaenda tena, najua kwamba siku ya mkutano kila neno la mwenyekiti litakanyagwa kisigino na neno linalofuata.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kuuponya ukumbi wa mihadhara ambao watu walikuwa hawaelewi kinachosemwa ndani yake. Neno moja lilikuwa linaning'inia hewani kwa zaidi ya sekunde 5, na msemaji wakati huo ameshasema mengine mengi. Sabine alikuwa akisubiri usiku, mji utulie, kisha anaingiza mito ya viti aliyoiazima kutoka ukumbi mwingine wa chuo. Anaongeza mito, anapima muda wa sauti kufa, anaongeza tena, anapima tena. Kutokana na mito hiyo tulipata hesabu tunayoitumia mpaka leo. Nampenda mtu huyu kwa sababu aliweka kwenye karatasi jambo ambalo kila fundi wa spika analijua kwa mwili wake: watu ni mito. Khanga, makoti, matumbo, vyote vinameza sauti. Ukumbi wenye watu mia sita si ule uliopigiwa kofi juzi, na ndiyo maana "moja mbili" ya alfajiri haina budi kusikilizwa kwa wasiwasi.

Halafu kuna umbali. Katika joto la nyuzi 25, sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Inaonekana ni mbio kubwa, lakini kwa aliyekaa mita 35 kutoka jukwaani sauti ya spika za mbele humfikia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, tena ikiwa imechoka. Ukijaribu kumsaidia kwa kuongeza sauti ya mbele, utawapasua masikio walio mstari wa kwanza, na kelele iliyobaki itakwenda kugonga vile vioo. Dawa ni kuweka spika ndogo katikati na nyuma ya ukumbi, sisi tunaziita dilei, na kuziamuru zichelewe. Kwenye waya umeme hufika papo hapo, wakati hewani sauti inatembea kwa miguu. Kwa hiyo lazima dilei zimsubiri mwenzao wa mbele. Na hapo kuna kaujanja: ukizichelewesha kidogo zaidi ya inavyotakiwa, milisekunde 10 au 15, sikio husadiki kwamba sauti yote inatoka jukwaani. Mjerumani Helmut Haas aliyaandika mambo haya kwenye tasnifu yake ya mwaka 1949. Mtu wa mstari wa mwisho atamtazama mwenyekiti na kumsikia kana kwamba anaongea naye, wala hatajua kuwa kuna kispika kidogo juu ya kichwa chake kinachofanya kazi hiyo.

Ndiyo maana mstari huo hukatwa. Kitu kinachofanya kazi vizuri mpaka kisionekane ni vigumu sana kukitetea mbele ya mtu wa manunuzi.

Picha sitaisemea sana, inajitetea yenyewe. Niseme tu kwamba skrini kubwa haisaidii kitu ikiwa slaidi ina jedwali la safu kumi na nne lililonakiliwa kutoka Excel. Ili mtu asome maandishi, kimo cha skrini kinatakiwa kiwe angalau moja ya sita ya umbali wa aliyekaa mbali kuliko wote. Ukumbi wa mita 48 unadai skrini ya kimo cha mita 8, na dari ipo mita 5. Hesabu hiyo haina ubishi, lakini nimeshabishiwa.

Baba yangu ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Morogoro. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, yeye na walimu wenzake walikuwa wakisoma habari zake gazetini na kuchekana. Miaka michache baadaye akanunua hisa za kampuni moja kwa fedha za mahindi, bila kumwambia mama. Hazikuwa nyingi. Ila zilimpa haki ya kuitwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na barua ya mwaliko aliihifadhi ndani ya bahasha yake kama cheti cha ubatizo. Kila mwaka alipanda basi la alfajiri, akavaa suti yake ya kijivu, akahudhuria, na jioni akaja kulala kwangu Tabata akiwa na fulana na kofia ya kampuni.

"Mkutano ulikuwaje, baba?"

"Ulikuwa mzuri. Walitupa chakula."

"Na gawio wamesemaje?"

"Walisema. Ila walisemea kule mbele."

Jibu hilo nililicheka siku ile, na mume wangu alilicheka zaidi. Wakati huo nilikuwa bado kibarua wa kuvuta waya kwenye kampuni ya mtu mwingine. Nilipoanza kuchora kumbi mwenyewe ndipo lilipoanza kunirudia. Walisemea kule mbele. Mwanahisa amesafiri karibu kilomita 200, amesaini daftari, amenyoosha mkono kupitisha hesabu ambazo hakuzisikia, amekula wali na kuku, amerudi. Kwenye kumbukumbu za mkutano itaandikwa kwamba hesabu zilipitishwa na wote waliohudhuria, na haitakuwa uongo.

Na hata kama angesikia, angesikia Kiingereza. Jengo la AICC kule Arusha liliwahi kuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Kila aliyekaa humo alivaa kifaa sikioni na kuchagua lugha: Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Mkulima kutoka kilimani alitoa ushahidi kwa lugha yake, na majaji walilazimika kumsubiri mkalimani. Hilo lilikuwa suala la uhai na kifungo, najua, mkutano wa wanahisa si kesi. Lakini kila ninapopita pale nakumbuka kwamba vibanda vya wakalimani na vifaa vya masikioni vinakodishwa hapa hapa nchini, ninavyo kwenye orodha yangu, na kampuni huviagiza mara moja tu: akija mgeni mmoja kutoka nje asiyejua Kiswahili.

Sasa niseme habari ya mkutano mmoja. Si wa kampuni ya baba, na jina la kampuni wala la ukumbi sitalitaja.

Ulikuwa mkutano mkuu wa wanahisa, viti mia sita vimepangwa kama sinema, hakuna meza. Ofisa mawasiliano wao alikuwa kijana mwenye adabu sana, aliyevaa saa ya bei na kuandika kila kitu. Alitaka skrini ya mita 8 kwa 4. Kwa vile vipande tunavyokodisha, vya nusu mita kwa nusu mita, hivyo ni vipande 128, kila kimoja karibu kilo 8, yaani zaidi ya tani nzima ya kutundika. Na alitaka maiki moja tu kwa wanahisa, ya mkononi, itakayobebwa na dada wa mapokezi.

"Dada, nikuambie ukweli," alisema. "Tukiweka maiki nyingi mkutano hauishi. Mwaka jana tulikwenda mpaka saa tisa. Chakula kikapoa."

Sikumcheka, kwa sababu anachosema kipo. Nimekaa kwenye mikutano ambayo mzee mmoja alichukua dakika kumi kusalimia meza kuu mtu mmoja mmoja, halafu akauliza kwa nini mwaka huu fulana hazina kola. Mtu anayepanga ratiba ana haki ya kuogopa.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Na yule dada asiiachie maiki. Aishike yeye mwenyewe."

Hapo nilielewa. Maiki ikishikwa na mtu wa kampuni inaweza kusogezwa pembeni katikati ya sentensi, kwa tabasamu, kama mtoto anayenyang'anywa kisu. Maiki iliyo kwenye stendi hainyang'anyiki. Ila stendi nayo ina lake: inamlazimu mtu kuinuka na kuifuata, na wanahisa wengi wa aina hii wana magoti ya miaka sabini. Nilifikiria jambo hilo siku mbili. Mwishowe nikachora stendi nne, mbili kila njia, hakuna kiti kilicho mbali nazo zaidi ya mita 12, na kando ya kila stendi kiti kitupu kwa anayesubiri zamu. Zisizo na waya, ili mtu asijikwae.

Zisizo na waya zina shida zake. Zinapita kwenye masafa ya redio yale yale ya matangazo ya televisheni, na tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza tarehe 31 Desemba 2012, masafa hayo yamepangwa upya na lazima ukague upya kila ukumbi. Antena ziwe juu ya vichwa, maana mwili wa binadamu, ambao umejaa maji, unameza redio kama unavyomeza sauti. Betri mpya, kila maiki, kila mkutano, hata kama za jana zimetumika saa moja. Hili la betri naomba ulishike.

Fedha niliipata kwenye skrini. Nilimwonyesha kijana kwamba skrini ya mita 6 kwa 3 ni vipande 72, na vipande 56 vinavyobaki vinalipia dilei zote na maiki tatu za ziada. Jumla haikubadilika hata shilingi. Alikubali kwa sababu hiyo. Hakukubali kwa sababu ya magoti ya mtu yeyote.

Usiku wa kuamkia mkutano tuliingia saa nane, harusi ilipotoka. Vijana wangu wawili walivuta waya juu ya maua yaliyokanyagwa, fundi umeme akapima njia zote tatu za umeme, tukazima umeme wa TANESCO makusudi kuona jenereta itachukua sekunde ngapi kushika. Saa kumi na moja nilikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa vyoo, kijana akasoma gazeti jukwaani, nikarekebisha dilei mpaka sauti yake ikatoka mdomoni mwake. Saa kumi na mbili nikabadilisha betri zote nne.

Kipindi cha maswali kilianza saa tano na nusu. Wa kwanza alishukuru. Wa pili aliuliza habari ya nauli. Wa tatu alikuwa mama mmoja, ushungi mweupe, miwani ya kamba, kitabu cha taarifa ya mwaka mkononi kikiwa na vikaratasi kati ya kurasa. Alikaa kwenye kile kiti cha kusubiri, akapumua, ndipo akasimama. Stendi ilikuwa juu. Kijana wangu akaishusha.

"Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo," alisema. Akafungua kwenye kikaratasi. Akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa nini malipo ya uendeshaji yanayokwenda kwa kampuni mama ng'ambo yamepanda mwaka ule ambao gawio limeshuka, na nani aliyekaa pande zote mbili za meza mkataba wa malipo hayo ulipotiwa saini. Alisema mjukuu wake ndiye aliyemsomea Kiingereza, lakini hesabu alizijumlisha mwenyewe.

Redio ya upepo kiunoni kwangu ikakoroma. "Maiki tatu, shusha kidogo."

Sikushusha. Alikuwa akisikika vizuri.

Ikakoroma tena, sauti nyingine safari hii, ya mtu mzima. "Zima namba tatu. Sema betri imeisha."

Nilikuwa nyuma ya miksa na kijana anayenisaidia, ambaye nitamwita kijana tu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Simlaumu; amefunzwa kutii redio, na posho yake ya siku ile ilikuwa mfukoni mwa walioongea. Aliniangalia. Mama naye, kana kwamba amesikia, alinyamaza kidogo akageuza ukurasa. Katika mkutano wa watu mia sita, kunyamaza kidogo kwa mtu kwenye maiki ni nafasi nzuri sana. Ukizima hapo, hakuna atakayejua. Atagonga maiki mara mbili, atasema "haloo", vijana watakimbia na nyaya, mwenyekiti atasema kwa huruma kwamba teknolojia ina mambo yake, tuendelee na ajenda inayofuata. Nimeshaona ikifanyika kwenye kumbi nikiwa kibarua. Kila mtu huilaumu betri.

Nilibonyeza redio. "Mwenyekiti akisema zima, nazima."

Palikuwa kimya. Niliweka kiganja changu juu ya mkono wa kijana, nikaondoa kidole chake taratibu, tukabaki tunamwangalia mwenyekiti. Alikuwa mita 30 kutoka kwetu, uso wake ukiwa mkubwa kwenye skrini ya mita 6. Mtu mmoja alimwendea akamnong'oneza. Mwenyekiti alisikiliza, akatazama njia ya kati aliposimama yule mama, akatikisa kichwa. "Mama, endelea," alisema.

Aliendelea. Kwa jumla aliongea dakika nne na sekunde kadhaa, tulikuwa tunarekodi. Mkurugenzi wa fedha alisimama kujibu, akajibu nusu, ile nusu nyingine akaahidi kuituma kwa maandishi. Mama alisema "nitaisubiri, mwanangu", akaketi. Makofi yalianzia nyuma, kule karibu na mlango wa vyoo.

Ndani ya gari, vifaa vikiwa vimefungwa, kijana aliniuliza: "Dada, na kama mwenyekiti angesema zima?"

"Ningezima."

Alishangaa, nadhani alitaka jibu la ushujaa. Lakini mkutano ni wa mwenyekiti, si wangu. Mimi nimekodishwa pamoja na waya. Angesema "mama, muda umekwisha, naomba ukae", watu mia sita wangemsikia akisema, na wangemhukumu wao. Angeandikwa kwenye kumbukumbu. Ninachokataa ni kuibebesha betri yangu mzigo wake. Betri niliiweka saa kumi na mbili asubuhi.

Asilimia 30 ya malipo yetu iliyobaki ilichukua miezi minne kufika, na mwaka uliofuata hawakuniita. Yule ofisa mawasiliano mwenye saa alihamia kampuni nyingine; alinitumia ujumbe wa sikukuu, bila kutaja lolote. Baba hasafiri tena kwa ajili ya mikutano, hisa alimwandikisha mdogo wangu. Nilipomsimulia habari hii aliuliza jambo moja tu, kama yule mama alipewa ile nusu ya jibu.

Siku hizi mkataba wangu una kifungu kinachosema kwamba maiki za ukumbini huzimwa kwa agizo la mwenyekiti wa mkutano linalosikika ukumbini, na si kwa njia nyingine yoyote. Ni mstari mmoja, ukurasa wa pili, kati ya muda wa kuingiza vifaa na masharti ya jenereta. Mwaka huu wateja wawili wamesaini bila neno. Wa tatu alipiga simu kuuliza maana yake. Nilipomweleza alikaa kimya, akasema atashauriana na wenzake. Ukumbi wameshaulipia. Viti mia nane.